Ukali wa Daktari Benton ulimjenga Carter. Gant je?

Januari 1997, katika kipindi kimoja cha tamthilia ya ER, mgonjwa analetwa chumba cha dharura akiwa amegongwa na treni ya mjini Chicago. Uso wake hautambuliki. Hakuna anayejua jina lake. Kwa wanaomhudumia ni kijana wa kiume anayevuja damu, basi. Wanamwekea mirija, wanaagiza damu, wanahangaika naye. Mikono haitoshi, kwa hiyo anaitwa Dennis Gant, daktari wa mwaka wa kwanza upande wa upasuaji, ambaye usiku ule haonekani. Anaitwa kwa peja, kile kidude cha kiunoni ambacho madaktari walikuwa wakiitiwa kabla ya simu za mkononi kuenea. Sekunde chache zinapita. Kisha peja inalia mle mle chumbani, kiunoni mwa yule aliyelala mezani.

Wamo watu wawili katika habari hii waliokuwa na deni kwa Gant. Mmoja ni John Carter, daktari wa mwaka wa kwanza kama yeye na tena waliishi pamoja. Mwingine ni Peter Benton, daktari wa upasuaji aliyekuwa juu yake kikazi, ambaye kwa miezi kadhaa hakuwa amempa hata nafasi ya kupumua. Tamthilia haikusema kama Gant alijirusha relini au aliteleza. Waandishi waliliacha hivyo hivyo, na nadhani walifanya vizuri. Wangesema ameteleza, Benton angepumua. Wangesema amejiua, sisi watazamaji tungemhukumu na kuzima televisheni.

Naandika haya kwa sababu ya mazungumzo ya hivi karibuni. Mwenzangu mmoja, daktari bingwa wa upasuaji ninayemheshimu sana, aliniambia kwamba tatizo la madaktari vijana wa siku hizi ni moja tu: hawakupata Benton wa kuwanyoosha. Samaki mkunje angali mbichi, alisema. Tulikuwa tumekaa kwenye kibanda cha chai nje ya hospitali, zamu imeisha, na sikuwa na nguvu za kubishana. Lakini maneno yale yalinikaa kifuani, maana nusu yake ni kweli, na ile nusu nyingine ndiyo inayonitia hofu.

Kwa asiyemfahamu: Benton alichezwa na Eriq La Salle katika ER, iliyoanza kuonyeshwa na NBC ya Marekani tarehe 19 Septemba 1994 na kumalizika tarehe 2 Aprili 2009, vipindi 331 kwa jumla. Aliyeibuni ni Michael Crichton, mwandishi ambaye mwenyewe alisomea udaktari Harvard, na hilo linaonekana. Hospitali yenyewe, County General, ni ya kubuni, lakini pilikapilika zake anazijua kila aliyewahi kusimama kwenye wodi ya majeruhi Jumamosi usiku.

Katika kipindi cha kwanza kabisa Benton yuko mwaka wa pili wa kusomea ubingwa. Analetwa mgonjwa ambaye mshipa mkuu wa damu tumboni umevimba na kuanza kuvuja. Wakubwa hawapo. Mshipa ule ukishapasuka, mtu anakwisha huku mnamwangalia. Benton anaamua: anaosha mikono, anachukua kisu, anafungua tumbo, jambo ambalo kwa cheo chake hakuruhusiwa kulifanya peke yake. Bosi wake, Dakta Morgenstern, anafika kazi ikiwa imeshaanza, na baadaye anampongeza. Benton anatoka, anafika koridoni peke yake, hakuna anayemwona, anarusha ngumi hewani kwa furaha. Ile ngumi iliwekwa kwenye utangulizi wa tamthilia, na kwa miaka watu walimjua Benton kwa ngumi hiyo kabla hajafungua mdomo.

Wanaomtetea Benton huanzia hapa, na wana haki. Daktari aliyefunga mshipa ule hakuokotwa barabarani. Alitengenezwa na walimu wasiokubali kazi ya nusunusu, akajitengeneza mwenyewe kwa kutolala, na alipofika zamu yake ya kufundisha akatoa kile kile alichopewa. Hakumdai mwanafunzi kitu ambacho yeye mwenyewe hakukitoa. Upasuaji nao hauna huruma: fundo likifungwa vibaya linafunguka usiku wa manane, na mgonjwa hatajali kama aliyelifunga ni mpole. Carter anamfikia Benton akiwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu, kijana wa familia tajiri, koti jeupe limepigwa pasi, na Benton anaanza kumkimbiza tangu dakika ya kwanza. Hamsifu. Hamwelezi jambo mara mbili. Miaka inapita, na yule kijana wa pasi anakuwa daktari ambaye idara nzima inamwegemea, na ambaye mwaka 2003 hadithi inamfikisha hadi Kisangani, Kongo, akitibu watu katikati ya vita. Mwenzangu anapotaka mfano wa samaki aliyekunjwa vizuri, anao.

Kuna utetezi mwingine ambao naona ni mzito zaidi, na wengi huupita haraka. Benton ni daktari Mweusi kwenye taaluma ambayo waliomtangulia karibu wote walikuwa Weupe. Gant pia ni Mweusi. Katika mazungumzo yao mamoja yanayobaki akilini, Benton anamweleza kijana wake kwamba watakuwepo daima watu watakaodhani alipata nafasi yake kwa sababu ya rangi, na kwamba dawa ya watu hao ni kufanya kazi kuwapita wengine wote. Kwa hiyo ukali wake kwa Gant, kwa jinsi yeye anavyoona, ni aina ya ulinzi. Anampiga ngozi iwe nene kabla ulimwengu haujaanza kumpiga. Mimi siwezi kulitupa hilo. Nimewaona mabinti waliosomea upasuaji wakiambiwa maneno karibu hayo hayo na madaktari wa kike waliowatangulia: wewe ukikosea, watasema wanawake hawawezi. Anayesema hivyo hasemi kwa chuki. Anasema kwa makovu.

Sasa turudi kwa Gant.

Watu wengi wanapomlinganisha na Carter husema mmoja alikuwa imara na mwingine dhaifu. Sikubaliani, na sababu imo ndani ya tamthilia yenyewe kwa anayeitazama polepole. Siku ile ile ya kwanza Benton anapomkimbiza Carter, Carter anazidiwa. Anaona jeraha baya, kichefuchefu kinampanda, anatoka nje kukaa peke yake. Anayemfuata ni Dakta Mark Greene. Anakaa naye, anazungumza naye taratibu kuhusu hisia za daktari mbele ya mateso ya watu, kisha wanarudi kazini. Benton hajui hata kama mazungumzo hayo yamefanyika. Ndiyo kusema Carter hakulelewa na ukali peke yake. Alikuwa na mtu wa kumfokea na mtu wa kumkalisha chini. Na kama udaktari ungemshinda kabisa, nyumbani kwao kulikuwa na mali ya kumpokea.

Gant alikuwa na nini? Alikuwa mbali na mpenzi wake, na uhusiano wenyewe ulikuwa unavunjika. Benton alimpa tathmini mbaya. Alijaribu kulalamika kwa wakubwa, na Carter, rafiki pekee aliyeona kila kitu kwa macho yake, alipoulizwa hakumuunga mkono ipasavyo. Carter hakuwa mtu mbaya. Aliogopa kuharibu nafasi yake mwenyewe. Hili ndilo ninalotaka mwenzangu alitazame: ukali wa Benton haukumfikia Gant tu, ulimfunga na Carter mdomo. Ulikuwa umemfundisha Carter kwamba pale kazini mtu hujiokoa kwa kunyamaza, na siku ambayo neno lake lingesaidia, akanyamaza.

Kunyamaza huko nakujua. Nilipokuwa kwenye mwaka wa mafunzo kwa vitendo, kwenye hospitali ambayo sitaitaja, nilisimama siku moja kwenye operesheni ya tumbo nikiwa nimeshika chuma cha kutanulia kidonda. Aliyekuwa anapasua alikuwa fundi kweli kweli. Mkono mwepesi, damu kidogo, haraka bila papara. Pia alikuwa mtu wa kutukana. Dakika kumi kabla alikuwa amenifokea mbele ya watu wote kwa kuvuta vibaya, akaniuliza nani alinipa cheti. Basi nikaona kwa macho yangu kitambaa kimoja cha kufyonzea damu kikisukumwa nyuma ya utumbo, na sikukiona kikitoka. Nilitaka kusema. Ulimi ulikuwa mzito kama jiwe. Nikajiambia labda kimetoka sikuona, labda anajua, labda nitaonekana mjinga kwa mara ya pili. Alianza kushona.

Aliyesema ni sista wa vifaa, mama mtu mzima aliyebakiza miezi michache kustaafu. Alisema, bila kupandisha sauti, "Daktari, hesabu haijatimia. Kimoja hakijarudi." Akafokewa. Akarudia maneno yale yale, kwa sauti ile ile, na akakataa kumpa uzi mwingine. Kilikutwa pale pale nilipokiona kikiingia.

Mgonjwa alitoka salama, na sidhani aliwahi kujua. Mimi sijasahau. Na ili niwe mkweli kwa mwenzangu: daktari yule ndiye aliyenifundisha kufunga fundo kwa mkono mmoja, na mpaka leo kila ninapofunga nasikia sauti yake. Alinipa mikono na akaniondolea mdomo. Nimeishi na zawadi zote mbili, na najua ni ipi kati yake ingeweza kuua mtu siku ile.

Kama habari ya Benton ingeishia mwaka 1997 ningesema basi, yule ni onyo, tumwache hapo. Haikuishia. Februari 2000 Carter anachomwa kisu na mgonjwa ndani ya hospitali. Mwenzake, mwanafunzi Lucy Knight, anakufa kwa majeraha ya tukio hilo hilo. Benton akipata habari anashuka ngazi mbio kama mtu ambaye nyumba yake inaungua. Miezi mitatu baadaye Carter, akiwa amenasa kwenye dawa za maumivu, anawekwa chini na wenzake na kuambiwa achague: matibabu au kazi iishe. Anatoka kwa hasira. Anayemfuata nje ni Benton. Hana hotuba. Anamwambia apande gari la kwenda uwanja wa ndege. Carter anampiga ngumi. Benton hamrudishii wala haondoki. Anamshika mpaka kijana anaangua kilio, kisha anapanda naye, anasafiri naye hadi Atlanta kwenye kituo cha matibabu.

Nilipoitazama sehemu hiyo kwa mara ya kwanza niliikubali kama uthibitisho kwamba mtu mkali ana moyo. Sasa naisoma tofauti. Naona mtu anayekumbuka peja ikilia. Miaka mitatu na ushee ilikuwa imepita tangu Gant, na safari hii Benton hakumwacha kijana atoke peke yake.

Katikati hapo kuna mtoto wake, Reese, aliyegundulika kuwa kiziwi. Benton, mtu wa kurekebisha kila kitu kwa kisu, alilifikiria sana suala la kumpandikizia kifaa cha kusikia, kisha akajifunza lugha ya ishara. Desemba 2001 aliiacha County General kabisa ili apate kazi yenye saa za kueleweka na aweze kumlea mwanawe. Naligusa hili kwa ufupi, lakini nadhani lilimbadilisha kuliko operesheni zote. Huwezi kumfokea mtoto asiyesikia. Inakubidi uinamishe uso, umtazame, usubiri mikono yake imalize kusema.

Halafu inakuja Machi 2009, na hapa tamthilia inakutana na kitu cha kwetu.

Figo la Carter limeshindwa, ni mwendelezo wa madhara ya kile kisu cha 2000. Anapata figo jipya (wanaolihangaikia mbali huko Seattle ni wenzake wa zamani, Doug Ross na Carol Hathaway, bila kujua litamwendea nani). Benton, ambaye sasa anafanya kazi hospitali nyingine ya Chicago, anaingia kwenye chumba cha upasuaji kumsimamia mwanafunzi wake. Kabla ngozi haijakatwa anamtaka daktari anayepasua apitie orodha ya ukaguzi, kipengele kwa kipengele. Yule daktari anaona ni kupotezewa muda. Benton hamwachii. Tazama mtu aliyesimama pale: ni yule yule aliyefungua tumbo mwaka 1994 bila kumsubiri yeyote.

Orodha ile ipo kweli. Shirika la Afya Duniani, WHO, liliizindua Juni 2008. Ina vipengele 19 vinavyosomwa kwa sauti katika nyakati tatu: kabla ya mgonjwa kupewa dawa ya usingizi, kabla ya kisu kugusa ngozi, na kabla mgonjwa hajatoka chumbani. Ilijaribiwa katika hospitali nane za miji minane: Toronto, Seattle, London, Auckland, New Delhi, Manila, Amman na, ndiyo, Ifakara. Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, pale Kilombero, mkoani Morogoro. Matokeo yalichapishwa Januari 2009, miezi miwili tu kabla ya kipindi kile cha ER. Vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Waliohesabiwa ni zaidi ya wagonjwa 7,600, kabla na baada kwa pamoja, na wa Ifakara wamo humo. Mtazamaji wa Chicago aliyemwona Benton akishika ile orodha hakujua kwamba imepita kwenye mikono ya manesi na madaktari wa bonde la Kilombero. Mimi najua, na huwa nawaambia vijana wangu kila nafasi ikipatikana.

Wapo wanaopinga, na hoja yao si ya kupuuzwa. Utafiti ule ulilinganisha kabla na baada bila hospitali za kulinganishia pembeni. Mwaka 2014 watafiti wa jimbo la Ontario, Kanada, walitazama hospitali 101 zilizotakiwa kuitumia orodha, na hawakuona vifo vikipungua kwa kiasi cha kujivunia. Mwenzangu wa kibanda cha chai anaijua takwimu hiyo na huitumia vizuri: karatasi haiwezi kuchukua nafasi ya daktari aliyeiva, anasema, na daktari haivi bila moto.

Namkubalia kuhusu karatasi. Nimeona orodha zikiwekwa alama za vema zote kwa mkupuo, mgonjwa akiwa bado kwenye korido. Lakini hilo nalo linanirudisha kwenye hoja yangu. Orodha inafanya kazi pale tu ambapo aliye chini kabisa chumbani anaweza kusema "bado" na kila mtu akasimama. Nguvu haikuwa kwenye karatasi ya sista yule wa vifaa. Alikuwa na kidaftari tu na kalamu. Nguvu ilikuwa kwenye kukataa kutoa uzi, na alikuwa na ujasiri huo kwa sababu alikuwa amebakiza miezi michache na hakuwa na cha kupoteza. Mimi niliyekuwa na kila kitu cha kupoteza niliona na nikanyamaza. Sasa, chumba ambacho watu wake wanasema kweli wakiwa karibu kustaafu tu, bwana bingwa, ni chumba cha kumlaza mama yako?

Kwa hiyo nikiulizwa ninamtaka Benton yupi awafundishe wanangu, jibu langu halipo katikati. Simtaki wa 1997, hata kwa mikono yake ile. Namtaka huyu wa 2009, na nataka awe mkali vile vile: amkatalie mtu kufunga fundo legevu, amrudishe kuosha mikono upya, asimpitishe kwenye tathmini kama hajaiva. Kiwango kisishuke hata nyuzi moja. Kinachotoka ni matusi, kumwaibisha mtu mbele ya mgonjwa, kumwacha aende zake peke yake na tathmini mbaya mfukoni. Mwenzangu anaamini vitu hivi viwili vimeshonwa pamoja, kwamba ukiondoa kimoja kingine kinalegea. Ninamwomba atazame tena vipindi vile, kuanzia kile cha Januari 1997, kisha aruke hadi cha Machi 2009, siku moja, bila kupumzika katikati. Mkono wa Benton haujalegea popote.

Na atazame kitu kimoja kidogo. Katika ile orodha ya WHO, kabla ya kisu, kipo kipengele kinachowataka wote waliomo chumbani, kuanzia bingwa mpaka kijana aliyeshika chuma cha kutanulia kidonda, wataje majina yao na kazi zao kwa sauti. Wengi hukiruka, wanaona ni mambo ya watoto wa chekechea, watu tunafahamiana. Mimi sikiruki. Asubuhi hii tulikuwa sita, na wa mwisho kusema alikuwa binti wa mafunzo aliyeanza Jumatatu. Alisema jina lake kwa sauti ya chini sana. Nikamwomba arudie, akarudia, kisha tukaanza.